Neno Lililokuwa Ndani ya Kontena

Nilianza kazi ile Jumamosi saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimeshafua na kufagia uwanja, na mume wangu ameshatoka kwenda gereji. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Diski ya seva yangu ilikuwa inakaribia kujaa, nami nilikuwa na diski mpya ya pili, ya ukubwa uleule, niliyoifuata Tanga wiki iliyotangulia. Nilitaka kuipachika, kuifomati, kisha kubadilisha mipangilio ili mashine ianze kuhifadhi mambo yake huko. Nilijipa saa mbili, halafu nipike.

Ninaposema seva nisikuze mambo. Ni kompyuta ya mezani iliyotupwa na ofisi moja hapa Korogwe. Nimeiweka kwenye kona ya sebule, juu ya stuli, imefunikwa kitambaa cha kufuma ili vumbi lisiingie. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari. Mambo ya seva nilijifundisha mwenyewe kwa kusoma na kuharibu. Ndani yake kulikuwa na makontena manne. Kontena, kwa lugha ya kompyuta, ni kama chumba cha kupanga: kila programu inakaa kwenye chumba chake na vyombo vyake, haimsumbui jirani. Chumba kimoja kilikuwa na picha za familia, kingine masomo ya wanafunzi wangu, cha tatu kilikuwa cha kuangalia afya ya mashine. Cha nne kilikuwa na sauti ya mama.

Mama yuko Handeni, kwa dada yangu. Ni Mzigua wa hukohuko. Mgeni alikuwa baba, maana babu alikuja kukata mkonge na hakurudi kwao tena. Kwa miezi mingi dada alikuwa akimrekodi mama kwa simu. Tulifanya kama mchezo tu. Mama akasimulia hadithi, akaeleza namna ya kuchagua mbegu za mahindi, nani kazaliwa na nani, nani aligombana na nani kisimani, nyingine kwa Kizigua, nyingine kwa Kiswahili, nyingi kwa vyote viwili. Kisha kiharusi kikampiga. Kilimchukulia mkono wa kulia, kikamwachia mguu wa kuburuta, na maneno kikayachukua yote. Alielewa kila unachosema. Alikutazama, akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa pumzi.

Muuguzi wa mazoezi alimwambia dada: awe anasikia maneno kila siku, na ajaribu kuyafuata. Dada akaona hakuna sauti itakayomfaa kuliko yake mwenyewe. Basi kila siku saa kumi, baada ya swala ya alasiri, dada hufungua simu, simu huvuta sauti kutoka kwenye seva yangu hapa Korogwe, na mama hukaa mkekani akijisikiliza, midomo ikicheza. Na kila Ijumaa dada humrekodi akijaribu kutamka, anatuma kwenye kontena hilohilo, ili tulinganishe wiki kwa wiki. Rekodi hizo za Ijumaa zilikuwa pumzi na mikoromo mitupu. Lakini zilikuwa zikibadilika, nami nilizisikiliza zote.

Hiyo ndiyo mashine niliyoifungua bisibisi mkononi.

Diski mpya iliingia vizuri. Niliifomati. Nikafungua faili la mipangilio, nikaandika mahali papya pa kuhifadhi, nikawasha upya. Kisha nikaandika amri ya kuorodhesha makontena.

Orodha ilitoka tupu.

Si kwamba yalikuwa yamezimika. Kontena lililozimika bado linaonekana kwenye orodha. Haya hayakuwepo. Vichwa vya safu vilijipanga juu ya skrini kama kawaida, na chini yake hakuna kitu. Niliandika amri tena, polepole, nikidhani nimekosea herufi. Tupu.

Nilijiambia ni kosa la kawaida: nimeipeleka mashine mahali papya, na huko hakuna kitu bado. Nikafuta nilichoandika, nikarudisha mipangilio ya zamani kama ilivyokuwa, nikawasha upya. Nilikuwa hata nimeanza kupumua. Nikaorodhesha. Tupu.

Nilikwenda kwenye folda ya zamani yenyewe, pale makontena yalipokaa miaka yote. Folda ipo. Ndani hamna kitu.

Nilikaa sakafuni. Kitu kimoja kilikuwa kimenijia kichwani na sikutaka kukitazama. Nilikuwa nimefomati diski moja kati ya mbili za kuhifadhia zilizokuwa kwenye mashine, na kufomati ni kufuta. Nilijuaje kwamba niliyoifomati ni ile mpya? Nilijua kwa herufi. Mashine huzipa diski herufi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mimi niliona ile ya mwisho nikasema hii ndiyo ngeni. Lakini nikiwa pale sakafuni nilikumbuka nilichokuwa nimekisoma zamani na kukipuuza: herufi hizo hazikai. Ukiongeza diski, mashine inaweza kuzipanga upya kila inapowaka.

Sijui nilikaa pale nikilia muda gani. Mume wangu alirudi kula akakuta hakuna chakula, na mimi nimeegemea stuli.

"Kuna msiba?" aliuliza.

"Nadhani nimefuta sauti ya mama."

Alisimama mlangoni na viatu vyake vya grisi. Baadaye alikwenda jikoni akabandika ugali mwenyewe.

Saa kumi na dakika chache simu iliita. Ilikuwa dada.

"Mdogo wangu, simu yangu haifungui. Mama amekaa tayari."

"Ni mtandao," nilisema. "Huku kwetu unasumbua tangu asubuhi."

"Mtandao utarudi leo?"

"Labda kesho."

Nilisikia akimweleza mama, kwa upole, kwamba Korogwe mtandao unasumbua. Sikuwahi kumdanganya dada yangu kwa jambo kubwa, na wepesi wa uongo ule ulinishangaza.

Kuna mzee mmoja aliyefanya kazi ya simu za waya miaka mingi, akastaafu, akapanda Kwashemshi kulima. Ndiye aliyenifundisha kushika chuma cha kuchomelea nilipoanza ualimu. Nilimpigia. Aliniuliza swali moja tu: mashine imezimwa? Nikasema inawaka.

"Izime sasa hivi. Usiandike kitu tena juu ya diski yoyote. Kesho zilete zote mbili."

Jumapili asubuhi nilizifunga zile diski mbili ndani ya kitenge, kila moja na upande wake, nikapanda bodaboda. Kilima kile nimekipanda mara nyingi, lakini siku hiyo sikuona chochote njiani. Nilikuwa nimeshika furushi lile kifuani, na kila pikipiki iliporuka kwenye jiwe nilihisi kama nimegongwa mimi.

Nilimkuta mzee akipalilia maharage, suruali imekunjwa mpaka magotini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Kaa kwanza. Hujala."

"Sina njaa."

"Sikukuuliza njaa." Akamwagiza mkewe chai na viazi, akanawa mikono, akajifuta vizuri mpaka vidole vikakauka. Ndipo akafungua kitenge. Alizigeuza diski moja baada ya nyingine kama mtu anayekagua mayai.

"Mambo ya makontena mimi siyajui," alisema. "Yalikuja nikiwa nimeshaondoka kazini. Lakini niambie, ulipofomati, mashine ilikuonyesha nini kabla ya kubonyeza?"

"Ilionyesha ukubwa na herufi."

"Basi?"

"Na namba. Kuna namba ndefu ya kiwandani." Nilikuwa nimekumbuka kitu. Kabla ya kubonyeza nilipiga picha ile skrini kwa simu, maana nilitaka kuwaonyesha wanafunzi wa kidato cha tatu. Picha hiyo sikuwa nimeifuta.

Mzee aliichukua simu yangu, akaisogeza mbali na macho, kisha akaleta miwani. "Namba hiyo imebandikwa pia kwenye mwili wa diski," alisema. "Herufi mashine inaweza kuibadilisha itakavyo, lakini hii haibadiliki. Mimi nasoma ya kwenye picha, wewe soma ya kwenye diski ya zamani. Soma kutoka mwisho. Mwanzo wa namba hizi hufanana, utajidanganya."

Niliishika diski ya zamani. Karatasi yake ilikuwa imefifia. Kama namba zingelingana, basi niliyoifuta ni hii, na habari imeisha.

"Ya mwisho," alisema mzee. "Kwenye picha ni saba."

Nilitazama. Nikatazama tena. "Hapa ni saba."

Mkewe alikuwa ameinama na sinia ya chai, akabaki hivyohivyo.

"Inayofuata. Kwenye picha ni nne."

Niliifuta ile karatasi kwa kidole gumba. "Tisa," nilisema.

"Tazama vizuri. Nne au tisa?"

"Tisa, mzee. Ina kichwa cha mviringo."

Aliinyakua diski ile mkononi mwangu, akaitazama mwenyewe, kisha akachukua ile mpya, akasoma namba yake yote kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, kutoka mwisho mpaka mwanzo, huku nikifuatisha kwenye picha. Ililingana yote. Nilikuwa nimefomati diski mpya, kama nilivyotaka. Diski ya zamani haikuwa imeguswa.

Chai niliyokuwa nimeshika ilimwagika kwenye sinia wakati huo, baada ya jambo kwisha. Mke wa mzee aliniondolea kikombe akakishika yeye.

Mengine yakawa mepesi kuelewa. Nilipowasha upya baada ya kufomati, herufi zilibadilishana. Mashine ilikuwa imeagizwa siku zote kufungua diski ya herufi fulani kwenye folda ile, nayo ikatii: ikafungua diski mpya, tupu, mahali pa ile ya zamani. Nilikuwa nimechungulia diski tupu nikadhani nimefiwa. Jumapili ileile, saa kumi ikiwa imeshapita, nilipofika nyumbani, nilizirudisha diski, nikaandika kwenye mipangilio ile namba ya kudumu badala ya herufi, nikawasha. Makontena yote manne yalijipanga kwenye skrini kana kwamba hayakuwahi kwenda popote. Nilifungua la nne, nikabonyeza rekodi ya kwanza iliyotokea. Mama alikuwa akieleza kwa nini kuku wa jirani hawakuwa na adabu. Nilimsikiliza mpaka mwisho.

Nilimpigia dada saa kumi na moja kumwambia mtandao umerudi. Uongo nikauendeleza. Lakini dada hakuuliza habari za mtandao.

"Mama amesema," aliniambia.

"Amesema nini?"

"Nisikilize. Leo saa kumi nilimwambia bado mtandao haujarudi. Akaitazama simu. Akanyoosha mkono, akaigonga kwa kidole, akasema: wapi. Nikadhani nimesikia vibaya. Mama anayetuuzia maziwa alikuwapo, naye akasikia. Nikamwomba mama arudie, akagoma. Nikawasha kurekodi nikaiweka simu kwenye kanga, nikajifanya nachambua mchele. Akasema tena. Wapi. Imeingia. Ninayo."

Kwa zaidi ya mwaka mama hakuwa ametoa neno. Na limetoka kwa sababu ya nilichomnyima.

"Nitumie," nilisema.

"Naweka kulekule kwenye za Ijumaa. Simu yangu imejaa, nikishaweka naifuta huku."

"Weka. Kule ni salama sasa."

Jumatatu nilikuwa shuleni kutwa, na jioni kulikuwa na kikao cha walimu. Niliona kwenye simu kwamba rekodi imefika. Sikuifungua. Nilitaka kuisikia nimekaa nyumbani, pametulia, na mume wangu akiwa karibu. Jumanne nilitoka mapema. Nilifika, nikanawa uso, nikawasha skrini.

Saa ya kontena lile ilikuwa na kasoro ndogo tangu mwanzo: ilikuwa nyuma kwa saa tatu, hivyo rekodi za saa kumi zilijiandika saa saba. Ilinikera siku zote. Nikaona, kabla sijasikiliza, niirekebishe, ili neno la kwanza la mama liandikwe saa yake ya kweli. Ni mstari mmoja kwenye faili. Niliuandika, nikatoa amri ya kuliinua kontena kwa mipangilio mipya. Ilichukua sekunde chache. Saa ikawa sahihi.

Nikafungua folda ya Ijumaa. Haikuwepo.

Hadithi zilikuwepo zote. Mbegu, kisima, kuku wa jirani. Folda ya Ijumaa ndiyo haikuwepo, na safari hii sikuhitaji mzee kunieleza. Unapobadilisha mipangilio ya kontena, mashine hailitengenezi lile la zamani. Inalibomoa na kujenga jipya. Ulichokiweka nje, kwenye diski, kinabaki. Kilichowekwa ndani ya kuta zake kinakwenda nazo. Hadithi nilikuwa nimeziweka nje tangu siku ya kwanza. Folda ya Ijumaa dada aliianzisha baadaye, kwa simu, na mimi sikuwahi kuuliza imekaa upande gani.

Jumamosi diski haikuwa na kosa nami nikalia. Jumanne nilikuwa nimefuta kweli, na sikulia. Niliizima mashine hapohapo, kwa kuchomoa waya. Kwa siku tatu nilijaribu programu za kurudisha vilivyofutwa. Zilinitolea vipande vya picha ambazo sizifahamu na sauti ya mlio mmoja mrefu. Nilimpigia mzee, akasema pole.

Jumamosi nilikwenda Handeni. Sikutaka kusema kwa simu. Kwa simu nilikuwa nimeshaona ninavyoweza kusema uongo.

Mama alikuwa mkekani barazani, mguu umenyooshwa. Nilimpigia magoti, shikamoo mama, akanishika kichwa kwa mkono wa kushoto kama kawaida yake. Dada alikuwa akichambua mboga. Nilikaa katikati yao nikaeleza yote: diski, herufi, mtandao ambao haukuwa umesumbua, mstari wa saa. Sikupunguza kitu. Dada aliacha mboga.

"Hata la Jumapili?"

"Hata hilo."

"Hukulisikia?"

"Sikulisikia."

"Nilifuta kwenye simu kwa sababu uliniambia kule ni salama," alisema. Hakuipandisha sauti. Aliokota sufuria yake akaingia jikoni, na kwa saa nzima sikusikia hata mlio wa kijiko.

Mama alinitazama. Alikuwa ameelewa kila neno. Nilimwambia nisamehe mama, naye akafungua mdomo, midomo ikahangaika, ikatoka pumzi. Sikumwomba aseme. Nilitaka sana kumwomba.

Mama wa maziwa alifika jua likiwa limeanza kulala. Ni wa wafugaji wa nyikani. Hutembea kutoka bomani na madumu yake mawili, shanga zikilia taratibu. Alimwamkia mama, akanisalimu, akatambua kwamba hapakuwa pazuri. Dada alitoka na sufuria ya maziwa, macho mekundu. Mimi ndiye niliyemwuliza.

"Mama, ulikuwapo siku ile mama yetu alipoongea?"

"Nilikuwapo."

"Alisemaje?"

"Alisema wapi."

"Ndiyo. Lakini alisemaje?"

Alifikiri. Aliweka dumu chini, akakaa mkekani mkabala na mama, akakunja mkono mmoja kifuani kama wa mama ulivyokunjika. Akainamisha kichwa upande. Akanyoosha kidole, akagonga hewa mara moja. "Wwaa," alisema kwa sauti nzito, iliyokwaruza, kisha akakaa kimya mpaka nikadhani amemaliza, "pi." Hiyo ya pili ilitoka kali, fupi, ya mtu aliyechoshwa na upuuzi.

Dada aliziba mdomo. "Ndivyo," alisema. "Ndivyo hasa."

Nilimtazama mama. Mabega yalikuwa yakitikisika. Niliogopa, nikadhani ni kiharusi kingine, nikaanza kuinuka. Alikuwa akicheka. Uso ule uliokuwa umelala upande mmoja kwa muda wote huo ulikuwa umefunguka, machozi yanateremka, na sauti ilikuwa inatoka, sauti kamili ya kicheko chake cha zamani, ambayo katika rekodi zote zile dada hakuwahi kuinasa. Mama wa maziwa akarudia, akaongeza mikogo kidogo, mama akazidi. Hakuna aliyekuwa ameshika simu.

Nilikaa siku mbili zaidi. Hakusema neno. Wiki iliyofuata, dada alinipigia nikiwa darasani, nikatoka nje kupokea: amesema chai. Mwezi uliofuata akasema toka, akimwambia mbuzi. Wapi imerudi pia, tena mara nyingi, lakini dada anasema sasa inatoka laini, haifanani na ile. Mimi nina hii laini tu. Siku za kwanza dada hakunitumia rekodi yoyote. Alinunua kadi ya kumbukumbu akawa anaziweka mwenyewe, kwenye kopo la biskuti, na sikumlaumu. Sasa ameanza kunitumia nakala. Kila inapofika, naisikiliza palepale nilipo, hata kama nimesimama ubaoni na chaki mkononi na wanafunzi wananisubiri.